Mabaki Hayajipangi Yenyewe

Shida kubwa ya mabaki ya kitambaa ni kwamba hayafanani. Kipande kimoja kina urefu wa mkono mzima na kingine hakizidi kidole. Hiki ni khaki ya sare ya shule, kile ni pindo la kanga, kile kingine ni kitenge kilichopunguzwa kwapani mwa gauni. Katika vibanda vingi vya mafundi cherehani vipande hivyo husukumwa kwa mguu hadi pembeni, hukusanywa mfukoni, kisha huishia kuwa kijazio cha mto, tambara la kufutia mafuta ya mashine, au takataka. Kuna mtindo mmoja wa ushonaji, uliokulia Marekani katika karne ya 19, ambao kwa zaidi ya miaka 150 umekuwa ukiyapa umbo mabaki ya namna hiyo. Ni mfarishi wa nyumba ya magogo. Kila habari zake zinapoandikwa, husifiwa kwa namna ile ile: kwamba ni uzuri uliozaliwa na dhiki, ushahidi wa wanawake maskini waliotumia walichokuwa nacho. Sifa hiyo hutolewa kwa nia njema, lakini naamini inapotosha. Dhiki huleta vipande, ila haivipangi. Kinachovipanga ni kanuni, na ndani ya kanuni hiyo uamuzi wa mtu anayejua anachokitazama. Nalishikilia jambo hili kwa sababu jinsi tunavyoieleza kazi ya mikono huathiri jinsi tunavyoilipa, tunavyoifundisha, na hata kama tutajisumbua kuliandika jina la aliyeifanya.

Kwa kawaida mfarishi ni blanketi la tabaka tatu: uso wa juu ulioungwa kwa vipande, pamba katikati, na bitana chini. Katika nyumba ya magogo uso huo huundwa kwa miraba mingi iliyojengwa kwa njia moja. Kila mraba huanza na kipande kidogo cha katikati, kitovu chake. Utepe wa kitambaa hushonwa ubavuni mwa kitovu, hufunuliwa na kupigwa pasi. Kazi hugeuzwa robo mzunguko, utepe wa pili hushonwa ukipita juu ya ncha ya ule wa kwanza. Kisha wa tatu, wa nne, na mzunguko huendelea, kila utepe ukiwa sawa na uliotangulia au mrefu zaidi, kama magogo yanavyopandishwa moja baada ya jingine kwenye ukuta. Tepe za pande mbili zinazopakana huwa za rangi zenye mwanga, na za pande mbili zilizobaki huwa za rangi zenye giza, hivyo mraba uliokamilika hugawanyika kwa mshazari. Hiyo ndiyo kanuni yote. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuielewa kabla kengele ya mapumziko haijalia.

Sasa tuangalie kanuni hiyo inadai nini kwa kitambaa. Chukua mraba wa inchi 12 wenye kitovu cha inchi 2, tepe za upana wa inchi 1, na mizunguko 5. Una vipande 21: kitovu kimoja na tepe 20. Utepe mfupi kuliko wote una inchi 2 na mrefu kuliko wote una inchi 12. Maana yake ni kwamba kila urefu wa kitambaa, tangu wa vidole viwili hadi wa futi moja, umekwisha kutayarishiwa mahali pake, na kipande kisichofika mzunguko wa nje huenda ndani. Kisichobadilika ni upana peke yake. Mitindo mingine ya viraka, ile ya nyota na pembetatu, hutaka kila kipande kikatwe kwa umbo lake halisi kabla sindano haijashuka, na kilichopungua nusu inchi hakina kazi tena. Hapa kilichopungua hushuka mzunguko mmoja tu. Wala hakuna rangi inayokataliwa, kwa kuwa swali haliwi kama kipande ni cha bluu au cha kahawia. Swali ni kama kina mwanga au giza kikiwekwa karibu na jirani yake. Ukali wa kanuni katika jambo hilo moja ndio unaoiwezesha kuyavumilia mengine yote. Kama ingekuwa legevu, kila mtu ashone apendavyo, vipande mia tano vya rangi mia vingebaki vurugu, tofauti ikiwa ni uzi tu uliopita kati yao.

Na kanuni hiyo haimalizi kazi. Uamuzi wa kwanza umejificha kwenye hesabu. Ukianza kila mzunguko na tepe za mwanga, zile za giza zitakuwa nje daima, ndefu zaidi, na katika mraba ule wa inchi 12 utapata inchi mraba 65 za mwanga dhidi ya 75 za giza. Ukianza na giza, hesabu hugeuka. Kwenye mraba mmoja tofauti hiyo haionekani kwa urahisi. Kwenye mfarishi mzima inabadilisha uzito wa picha. Uamuzi wa pili ni mpangilio. Kila mraba unaweza kulazwa kwa njia 4, hivyo miraba 16 tu, minne kwa minne, ina mipangilio zaidi ya bilioni 4. Washonaji wa Marekani walichagua michache na kuipa majina ya maisha yao ya shambani. Kuna wa kusimamisha ghala, ambapo mwanga na giza hupokezana kwa maumbo ya almasi yanayopanuka kutoka katikati hadi kingoni. Kuna wa mifereji ya plau, ambapo mistari ya mshazari hukatiza blanketi lote. Ukibadili mwendo wa kushona, ukaweka tepe mbili zinazokabiliana kwanza na mbili nyingine baadaye, unapata ngazi za mahakama. Miraba ya ghala na ya mifereji ni ile ile, haijaongezwa hata mshono mmoja. Kilichobadilika ni kwamba mtu alisimama juu ya miraba iliyotandazwa sakafuni, akaitazama, akasema huu ugeuzwe na ule usogee.

Wazo la kuzungusha tepe kwenye kitovu si la Marekani pekee. Maiti za paka zilizohifadhiwa Misri ya kale, baadhi zikiwa British Museum, London, zimefungwa kwa tepe za kitani zilizopishana hadi zikaunda miraba ndani ya miraba. Katika kisiwa cha Isle of Man, kati ya Uingereza na Ireland, wanawake walishona mtindo wa ukoo huu kwa tepe zilizochanwa, wakipima kwa shubiri na kidole, bila rula wala mkasi. Marekani mtindo huu ulienea kuanzia miaka ya 1860, wakati ambapo nyumba ya magogo ilikuwa na mvuto wa kisiasa: Abraham Lincoln, aliyechaguliwa kuwa rais mwaka 1860, alizaliwa katika nyumba kama hiyo huko Kentucky mwaka 1809. Tangu hapo hadithi zimeuzonga. Wengi husema kitovu chekundu ni moto wa jikoni na cha njano ni taa dirishani, ingawa mifarishi ya zamani ina vitovu vya kila rangi. Kitabu kimoja cha mwaka 1999 kilieneza dai kwamba mifarishi iliyoanikwa nje, ukiwemo wa nyumba ya magogo wenye kitovu cheusi, ilikuwa alama za siri za kuwaongoza watumwa waliotoroka. Wanahistoria wa utumwa na wa nguo wamelikataa dai hilo kwa kukosa ushahidi, na nadhani kulipenda kwetu kunaonyesha udhaifu: tunahisi kazi ya sindano haitoshi kuheshimiwa mpaka iwe imebeba siri. Imebeba fikra, na fikra hiyo iko wazi juu ya kitambaa kwa kila mwenye macho.

Katika mifarishi mingi ya karne ya 19, tepe zilishonwa juu ya kipande cha pamba ya bei rahisi kilichokatwa kwa ukubwa wa mraba. Kitambaa hicho cha chini ndicho kilichobeba mvuto, kwa hiyo hariri nyembamba, sufu nzito na pamba iliyochakaa viliweza kukaa pamoja bila kimoja kukivuta kingine. Watu wa pwani yetu walijua pamba ya namna hiyo vizuri sana, ndiyo merikani. Ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Zanzibar na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, biashara iliyopata nguvu kwa mkataba wa mwaka 1833 baina ya mtawala wa Zanzibar, Sayyid Said, na Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipoikatiza, nguo za Uingereza na India zikachukua soko. Na pamba ya merikani ilivunwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Nalitaja hili kwa sababu ushahidi mzito kuliko wote katika hoja yangu unatoka kwa wajukuu na vitukuu vya watumwa wa mashamba hayo ya pamba.

Gee's Bend ni kijiji cha Alabama, kaunti ya Wilcox, kilicho ndani ya kona ya mto hivi kwamba maji yamekizunguka pande tatu. Kilianza kuwa shamba la pamba la Joseph Gee mwaka 1816, na mwaka 1845 kikaingia mikononi mwa Mark Pettway. Watumwa wake waliitwa kwa jina lake, na ndiyo maana ukisoma orodha ya washonaji wa huko unakutana na Pettway baada ya Pettway ambao si lazima wawe wa damu moja. Baada ya utumwa walibaki wapangaji kwenye ardhi ile ile, wakilima pamba kwa mkopo. Mwaka 1932 mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alifariki, na mjane wake akadai madeni yote kwa mkupuo: mifugo, zana, mbegu na chakula cha familia nyingi vilibebwa na kuondolewa. Picha ambazo Arthur Rothstein alizipiga kwa niaba ya serikali mwaka 1937 zinaonyesha makazi yao, nyumba za magogo na udongo, kuta za ndani zikiwa zimebandikwa kurasa za magazeti kuzuia upepo. Kama kuna mahali ambapo nadharia ya dhiki ingepaswa kushinda, ni hapa.

Wanawake wa Gee's Bend huuita mtindo wao wa nyumba ya magogo paa la nyumba, na wameubadili kwa namna inayomshtua aliyezoea mifarishi ya vitabuni. Badala ya miraba arobaini na minane midogo, mara nyingi mraba mmoja hutanuka hadi kuwa blanketi zima. Kitovu hakilazimiki kukaa katikati. Tepe za upande mmoja huweza kuwa pana na za upande wa pili nyembamba, na mzunguko uliokuwa ukienda kwa rangi mbili hukatizwa ghafla na utepe mmoja mwekundu usiorudiwa tena. Vitambaa vyenyewe vilikuwa suruali za kazi, mashati yaliyopauka, magunia ya pamba. Mwaka 1942 Missouri Pettway, baada ya kufiwa na mumewe, alizifumua nguo za kazi za marehemu na kuziunga kuwa mfarishi wa kujifunika. Binti yake Arlonzia, aliyemsaidia akiwa kijana, alikisimulia kisa hicho miaka mingi baadaye. Mfarishi huo ukaja kuonyeshwa pamoja na mingine katika Museum of Fine Arts ya Houston mwaka 2002, kisha Whitney Museum ya New York mwaka huo huo, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu 10 zenye picha za mifarishi ya kijiji hicho.

Lakini tukio linalonishawishi zaidi ni la kiwandani. Mwaka 1966, katika joto la harakati za haki za kiraia, wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika uitwao Freedom Quilting Bee ili kuuza kazi zao mijini. Mwaka 1972 ushirika ulipata mkataba na kampuni ya maduka ya Sears wa kushona foronya za kodrai. Ilikuwa kazi ya kipimo: ukubwa mmoja, mshono mmoja, rangi iliyoagizwa na mnunuzi, na foronya iliyotofautiana na wenzake ilikuwa kasoro. Mabaki ya kodrai, ya rangi ya dhahabu, ya kijani cha parachichi na nyekundu, yaligawanywa na kupelekwa nyumbani, na huko yakawa mifarishi ya paa la nyumba ambayo leo iko kwenye makumbusho. Mikono ilikuwa ile ile, kitambaa kile kile, umaskini ule ule, mwaka ule ule. Katika kazi ya kwanza uamuzi ulifanywa ofisini mbali na kijiji; katika ya pili ulifanywa na mshonaji. Sijui makumbusho yaliyotundika foronya. Kama dhiki ndiyo iliyokuwa chanzo cha uzuri, ingepaswa kuonekana katika kazi zote mbili, kwa kuwa ilikuwepo katika zote mbili.

Pingamizi la kwanza linatoka Gee's Bend kwenyewe, nalo ni la haki. Loretta Pettway, mmoja wa washonaji wanaosifiwa kuliko wengi, ameeleza hadharani kwamba hakupenda kushona. Alichoka na shamba, mifugo na kumtunza ndugu yake. Bibi yake ndiye aliyemhimiza kwamba atahitaji mifarishi, na alipopata nyumba yake yenye kuta zinazopitisha baridi akaona kweli anaihitaji. Je, si ukatili kumwambia mwanamke huyo kwamba kazi yake ilikuwa usanii huru? Ndiyo, ungekuwa ukatili, na sisemi hivyo. Baridi ndiyo iliyomketisha kwenye sindano. Ila baridi ingetoshelezwa na blanketi lolote lenye unene, lililoungwa vyovyote. Alichokifanya baada ya kuketi, kuweka kijivu kando ya bluu iliyopauka na kuuacha utepe mmoja mwembamba utembee ukingoni, hakikuagizwa na baridi. Uhitaji unajibu kwa nini alishona. Swali la jinsi alivyoshona lina jibu jingine, na jibu hilo ni yeye mwenyewe. Kumsifu kwa uhitaji wake ni kumnyang'anya hilo la pili.

Pingamizi la pili ni la fundi mwenye hesabu, nalo ni zito kuliko linavyoonekana. Mtindo huu unakula kitambaa. Utepe unaoonekana inchi 1 hukatwa inchi 1 na nusu, kwa kuwa robo inchi kila upande huingia kwenye mshono. Kwa ule mraba wa inchi 12, uso unaoonekana una inchi mraba 144, lakini vipande vilivyouunda vilikuwa na takriban inchi mraba 231. Zaidi ya theluthi ya kitambaa imefichwa kwa ndani. Ungekuwa unanunua kitambaa kwa yadi, huo ungekuwa ubadhirifu. Kwa mabaki hesabu ni tofauti, kwa kuwa bei ya kile kilichoelekea jalalani ni kazi ya kukiokota. Tena kilichofichwa hakikupotea: mishono minene iliyopangana kila inchi moja, pamoja na kitambaa cha chini, hutoa joto, na mifarishi mingi ya kale ya mtindo huu haikutiwa pamba kabisa, uso na bitana vilifungwa pamoja kwa mafundo ya uzi tu. Fundi atajibu kwamba bado kuna muda. Hapo anasema kweli. Mfarishi wa miraba 48, futi 6 kwa 8, una vipande 1,008, na ukimlipa mshonaji kwa saa, hauwezi kushindana kwa bei na blanketi la kiwandani linalouzwa sokoni. Nawasihi wanaobuni miradi ya vikundi vya kina mama wasiahidi hivyo. Mtu akilihitaji joto peke yake, na fedha anazo, anunue blanketi. Mfarishi unadai kulipwa kwa kile ambacho blanketi halina, yaani maamuzi elfu moja na nane, na mteja asiyekitaka hicho si mteja wake.

Kuna wanaopinga kwa sababu ya makumbusho. Wanasema kukitundika ukutani kitu kilichoshonwa kwa ajili ya kitanda ni kukikata na maisha yake, na kwamba faida huishia kwa wakusanyaji. La pili lilikuwa na msingi wa kutosha kufika mahakamani: mwaka 2007 baadhi ya washonaji wa Gee's Bend walifungua mashauri wakilalamikia mgawo wa mapato na matumizi ya kazi zao, na mashauri hayo yalifikia mwisho mwaka 2008. Lakini angalia kwamba dai lenyewe lingekuwa halina maana kama mifarishi ingekuwa zao la dhiki tu. Mtu hawezi kudai haki ya ubunifu juu ya umaskini wake. Anaidai juu ya alichokibuni. Kuhusu kitanda, sioni ukuta ukikiondolea kitu heshima. Ukuta unakionyesha kwa umbali ambao aliyelala chini yake hakuupata, na mpangilio wa mwanga na giza huonekana vizuri zaidi ukiwa hatua kumi nyuma.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la wakati wetu. Marekani na Ulaya kuna biashara kubwa ya vitambaa vya kushonea mifarishi, na mtu anaweza kununua furushi la tepe mpya zilizokwisha kukatwa, rangi zikiwa zimechaguliwa na kiwanda, ashone mfarishi unaofanana na wa mabaki ilhali hakuna kilichobaki popote. Wengine huona huo ni udanganyifu. Mimi naona ni hasara ya namna nyingine, na inanirudisha kwenye hoja yangu. Furushi la kiwandani limekwisha kufanya maamuzi: rangi zote zinapatana, hakuna utepe wa sare ya shule unaogombana na ua la zambarau. Mshonaji hapati kipingamizi, kwa hiyo hapati nafasi ya kukishinda. Mfuko wa mabaki ya kweli humletea asichokichagua, na kanuni humlazimu akipatie mahali. Mvutano huo baina ya kisichochaguliwa na kinachoamuliwa ndio unaoifanya mifarishi ya Gee's Bend isichoshe macho, na hauwezi kununuliwa dukani.

Ninayo sababu ya kuamini kwamba jambo hili halihusu Alabama peke yake. Katika misitu ya kaskazini mwa Karnataka, India, wanaishi Siddi, watu ambao wengi wa mababu zao walitoka upande wetu wa Afrika, wakavushwa bahari kama watumwa, wengine kama askari na mabaharia. Wanawake wao hushona kawandi, matandiko ya nguo kuukuu zilizowekwa juu ya sari ya zamani. Wao huanza ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, kinyume kabisa cha nyumba ya magogo, wakipachika kipande kipande kwa mishono midogo ya mkono inayopita tabaka zote kwa wakati mmoja. Huweka vipande vya pembetatu kwenye pembe nne, viitwavyo phula, yaani maua, na bila hivyo kazi haihesabiwi kuwa imekamilika. Mwendo umegeuka, zana ni chache zaidi, lakini msingi ni ule ule: mwelekeo mmoja ulioamuliwa mapema, unaopokea chochote kilichomo mfukoni.

Kwa fundi wa Mwanza au wa Kisumu mwenye mfuko wa mabaki, mtindo huu unaingia, ila vitambaa vyetu vina tabia zao. Kitenge kimoja kina mwanga na giza ndani yake, tena kwa michoro mikubwa. Kikikatwa kwa upana wa inchi 1 na nusu mchoro huvunjika, na kitambaa kimoja hutoa tepe za pande zote mbili: sehemu ya ua la njano huenda upande wa mwanga, sehemu ya usuli wa bluu huenda upande wa giza. Kwa hiyo asipange kwa kitambaa, apange kwa utepe mmoja mmoja, akifinya macho ili rangi zififie na ubakie mwanga wake, au apige picha kwa simu na kuigeuza kuwa nyeusi na nyeupe. Pindo la kanga linafaa sana mzunguko wa nje kwa sababu ni refu na limekwisha kuwa utepe. Batiki na vitambaa vinavyochuja vifuliwe kwanza, la sivyo upande wa mwanga utaharibika siku ya ufuaji wa kwanza. Vitambaa vyepesi vya nailoni na poliesta vinavyonywea kwenye pasi vishonwe juu ya kitambaa cha chini, kama walivyofanya wale wa karne ya 19. Aanze na miraba 16, futi 4 kwa 4, inayotosha kitanda cha mtoto, na kabla ya kuiunga aitandaze sakafuni na kuigeuzageuza kwa siku mbili tatu. Ikikamilika ashone jina lake, mahali na mwaka kwenye pembe ya bitana. Sehemu kubwa ya mifarishi ya karne ya 19 iliyomo kwenye makumbusho ina kadi inayosema mshonaji hajulikani, na watunzaji hawana pa kuanzia kumtafuta, kwa kuwa aliyefanya maamuzi yote yale hakuna aliyemwambia kwamba maamuzi hayo yalikuwa na mwenyewe.